Nyumba iliyoitwa bani: kisa cha joto, kiyoyozi na uniti za LUKU mjini Tabora

Kisa hiki ni cha familia moja iliyojenga pembezoni mwa Manispaa ya Tabora. Majina, mtaa, miaka na rangi ya geti nimeviondoa, ila mfuatano wa mambo na vipimo nimeviacha vilivyokuwa. Ninawalenga mafundi na watu wanaojenga kidogo kidogo kwa akiba zao, kwa sababu nyumba ya namna hii naiona ikiota karibu kila eneo jipya linalopimwa viwanja.

Usuli

Mwenye nyumba nitamwita Mwalimu, maana mtaa mzima ndivyo unavyomwita. Alipostaafu aliweka kiinua mgongo chake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko, na chumba kidogo cha mbele ambamo mkewe anashonea nguo za wateja. Wanaishi na wajukuu wawili pamoja na mama yake Mwalimu, ambaye umri umekwenda na hatembei bila mkongojo.

Kuta ni za matofali ya kuchoma, zimepigwa plasta ndani na nje. Paa ni la mtindo wa kuficha bati. Kuta za nje zimepandishwa kozi kadhaa juu ya lenta, kile mafundi wanachokiita parapeti, na bati limelazwa nyuma yake kwa mteremko mdogo, hivyo anayepita barabarani anaona boksi lililonyooka tu. Mwalimu aliipata picha kwenye simu akamwonyesha fundi, na fundi akasema inawezekana. Bati lenyewe ni la rangi ya mkaa. Nilipomuuliza kwa nini achague rangi ile kwa bati ambalo hakuna atakayeliona, alicheka: ndiyo iliyokuwa kwenye picha.

Chini ya bati kuna dari bapa ya jipsamu yenye taa za kutoboa. Uwazi kati ya dari na bati umefungwa pande zote nne na parapeti, hauna hata tundu moja la hewa. Madirisha ni ya alumini ya kusukuma, mapana, na kwa kuwa ni ya kusukuma hufunguka nusu tu. Mawili makubwa kuliko yote, la sebuleni na la chumba cha cherehani, yanatazama barabara. Barabara iko magharibi.

Hapo panahitaji maelezo kidogo ya jua. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Mvua ni ya Novemba hadi Aprili. Juni na Julai usiku watu wanatafuta blanketi. Joto lenyewe ni la Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashuka, na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linapita karibu kabisa juu ya utosi. Kwa jengo hii ina maana kwamba katika mwezi wa joto kuliko yote, anayepigwa zaidi ni paa. Kati ya kuta, zinazoumia ni ule wa mashariki asubuhi na ule wa magharibi jioni, jua likiwa chini na linaingia moja kwa moja dirishani. Kaskazini na kusini upenu wa kawaida unatosha. Nyumba ndefu ya Tabora ingetakiwa ilale mashariki kwa magharibi, madirisha yake makubwa yatazame kaskazini na kusini. Ya Mwalimu imelala kinyume, kwa sababu sura ya nyumba ilifuata barabara.

Wazee wa hapa walilijua hilo bila vipimo. Tembe la Kwihara, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 na ambalo leo ni makumbusho, lina kuta nene za udongo, paa zito na baraza ya kivuli. Ukiingia saa nane mchana unaona tofauti mlangoni. Sisemi turudi kwenye tembe, paa la udongo lina adha zake na mvua zetu. Ninachosema ni kwamba unene na kivuli vilikuwa vinafanya kazi ambayo bati jembamba haliwezi kuifanya.

Mfuatano wa matukio

Familia ilihamia mwezi Mei. Mei, Juni, Julai, Agosti, nyumba ilikuwa raha tupu, na wageni waliisifu. Nyumba nyingi za aina hii hukaguliwa na kuhamiwa msimu wa baridi, na msimu wa baridi hauna cha kuzikosoa.

Katikati ya Septemba Bibi, yaani mama yake Mwalimu, aliacha kulala chumbani kwake. Alimwambia mwanawe, "Baba, humu mmeniweka kwenye bani." Kwa asiye wa huku, bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, na mkoa huu unajua bani ni nini. Godoro likahamia barazani, na kwa kuwa chandarua hakikuwa na pa kufungwa, mbu wakamshughulikia. Ndani ya wiki chache akapelekwa zahanati na malaria.

Mwalimu akanunua feni mbili. Mkewe akasema zinapuliza moto. Yakaja mapazia mazito kwenye madirisha ya magharibi. Chumba cha cherehani kikawa giza, joto likabaki. Mwisho kikafungwa kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) sebuleni, na jioni familia yote ikahamia sebuleni.

Kiyoyozi cha ukubwa huo kikiwa kinavuta kinakula zaidi kidogo ya kilowati moja. Nyumba hii ilikuwa inatumia uniti (kilowati-saa) 50 na kitu kwa mwezi: jokofu, runinga, taa, pasi, mota ya cherehani, jikoni ni gesi na mkaa. Kiyoyozi kikaongeza wastani wa uniti tano kwa siku. Mwalimu akawa ananunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, kama zamani, elfu kumi kwa mara moja, na alikuwa amezoea kupata uniti 82 za kumvusha mwezi. Siku moja elfu kumi ikampa 28. Aliamini mita imeharibika.

Mita ilikuwa nzima. Tarifu ya mtumiaji mdogo ni ya anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizokuwa zikitumika wakati huo, uniti kwenye tarifu hiyo ni shilingi 100. Ukiweka VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, unalipa 122. Tarifu ya kawaida ya majumbani ni shilingi 292, na ukiweka hizo hizo unafika 356. Aliyezidisha matumizi anahamishwa, na akihamishwa hata uniti inayowasha taa ya chooni inanunuliwa kwa 356. Kiyoyozi kiliipandisha nyumba nzima bei.

Hapo ndipo nilipoitwa. Swali la Mwalimu lilikuwa moja: afunge sola kiasi gani ili iendeshe viyoyozi viwili, cha sebuleni na kingine cha chumba cha Bibi ambacho fedha zake zilikuwa tayari?

Tulichokipima

Nilimwomba asinunue chochote mpaka tujue joto linaingilia wapi. Vifaa vilikuwa vya kawaida: vipimajoto vya ukutani, na kile cha bastola kilichoenea wakati wa Korona, toleo la mafundi linalosoma joto la uso wa kitu. Tulisoma asubuhi, alasiri na usiku kwa siku kadhaa za Oktoba, na mjukuu mkubwa ndiye aliyekuwa akiandika kwenye daftari.

Saa tisa alasiri, siku ambayo kivulini nje palikuwa nyuzi 32, hewa ya chumba cha Bibi ilikuwa 34. Uso wa dari ulisoma 42. Ndani ya uwazi wa kenchi, kati ya dari na bati, nyuzi 51. Mgongo wa bati 66. Saa kumi na mbili jioni uso wa ndani wa ukuta wa magharibi ulikuwa 37. Saa tatu usiku nje pameshuka hadi 25, ndani bado 31.

Tarakimu peke yake hazikumshawishi mtu. Kilichoshawishi ni kipande cha boksi. Nilimwomba Mama, mke wa Mwalimu, akae kwenye kiti chake cha kushonea, nikashika boksi juu ya kichwa chake bila kumgusa, nikaliondoa, nikalirudisha. Mara ya pili akasema, "Kumbe ni dari!" Boksi halikubadilisha hewa ya chumba hata kidogo. Lilikata mnururisho wa joto unaoshuka kutoka kwenye dari yenye nyuzi 42 kwenda kwenye mwili wa mtu, ambao uso wake uko nyuzi 35 hivi. Ndiyo maana feni zilionekana hazifanyi kitu. Feni inasaidia jasho likauke, lakini haizuii dari kumwaga joto lake kichwani. Na kiyoyozi kilikuwa kinashindana na dari nzima.

Usomaji wa usiku ulieleza tatizo la pili. Matofali ya kuchoma yana uzito, yanameza joto mchana na kulitoa taratibu baada ya jua kuzama. Hilo lina faida ukuta ukiwa kivulini na madirisha yakifunguka vizuri usiku. Ukuta wa magharibi usio na upenu, wenye madirisha yanayofunguka nusu, nondo na wavu wa mbu, unakuwa jiko linalopoa saa sita za usiku.

Maamuzi na sababu zake

Fedha za kiyoyozi cha pili ndizo zilizofanywa bajeti ya kazi yote. Mwalimu aliuliza mara mbili kama kweli nina uhakika na jambo hili, kisha akakubali, nadhani zaidi kwa sababu ya LUKU kuliko sababu ya maelezo yangu.

La kwanza lilikuwa bati. Bati la rangi ya mkaa linameza karibu mwanga wote wa jua unaolipiga. Rangi nyeupe ikiwa mpya inaurudisha zaidi ya theluthi mbili. Kwenye nyumba ya kawaida kuna ubishi wa sura, watu hawataki paa jeupe. Hapa parapeti ilimaliza ubishi. Mtindo uliotuletea shida ulitupa ruhusa ya kupaka rangi yoyote bila mtaa kujua. Tulichagua rangi ya maji ya aina ya akriliki ya mapaa, tukiuliza dukani isiyo na madini ya risasi, kwa kuwa familia inakinga maji ya mvua kwenye tangi.

La pili, matundu. Parapeti ikatobolewa juu kidogo ya usawa wa dari upande wa chini wa mteremko, na karibu na bati upande wa juu, yakawekwa matofali ya matundu. Hewa ya moto hupanda. Ikipata pa kutokea juu inavuta ya nje kupitia chini. Mwalimu aliogopa mvua ya upepo, ikabidi kila tundu liwekewe mdomo wa zege unaotazama chini.

La tatu lilichukua mazungumzo marefu kuliko yote: madirisha ya magharibi. Kivuli lazima kiwe nje ya kioo. Jua likishapita kioo limeshaingia, na pazia la ndani linapata moto lenyewe kisha linautoa chumbani. Hapo ndipo yaliposhindwa mapazia mazito. Nilipendekeza baraza ya mbele yenye kina cha kutosha. Mwalimu alikataa katakata kuiharibu sura ya nyumba. Mama hakusema neno mbele yangu, ila siku iliyofuata nilipigiwa simu kwamba wamekubaliana fremu nyepesi ya chuma mbele ya madirisha hayo mawili, iote mpasheni.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyokataliwa. Shemeji wa familia, ambaye ana kiwanda kidogo cha mbao, alijitolea maranda ya bure ya kumwaga juu ya dari yazuie joto. Wazo si la kijinga, maranda yanazuia joto. Lakini juu ya dari ile kulikuwa na nyaya na taa za kutoboa zinazopata moto, na Tabora mchwa hawakosi. Tulikataa. Karatasi ya foili nayo iliahirishwa. Foili inafanya kazi ikiwa na uwazi wa hewa mbele ya uso wake unaong'aa; ikilazwa juu ya dari ikitazama juu, vumbi la msimu mmoja linaizima. Ingetakiwa itandazwe chini ya bati, na kwenye paa la kuficha upande wa chini hauna nafasi hata ya mtu kuingiza bega. Kazi hiyo hufanywa siku ya kupaua, kabla bati halijapigwa, na wakati huo ni rahisi mno.

Sola haikukataliwa, ilisogezwa nyuma. Kiyoyozi kilikuwa kinahitajika jioni na usiku, jua likiwa limezama, kwa hiyo gharama kubwa ingekuwa betri. Ni busara kupunguza kwanza mahitaji, halafu kununua sola ya mahitaji yaliyobaki. Na parapeti ina adha yake hapa pia: asubuhi na jioni inaangushia paneli kivuli, na kivuli cha sehemu ndogo ya paneli kinashusha umeme wake kuliko watu wanavyodhani.

Utekelezaji

Kazi ya juu ilifanyika mwishoni mwa Oktoba ndani ya wiki moja, huku mawingu yakijikusanya. Mteremko wa mbele ulisuguliwa kwa sabuni na brashi, ukasuuzwa, ukakauka, ukapakwa mikono miwili. Wa nyuma, fundi aliona mvua inakuja, akaufagia tu na kuupaka.

Wavu wa matundu ulikwisha kabla upande wa juu haujamalizika. Fundi aliahidi kurudi.

Mpasheni ulipandwa Desemba na mvua, ukapanda fremu vizuri ajabu. Kufikia Aprili dirisha la cherehani lilikuwa na pazia la majani.

Kisha yakaja ya kuja. Januari chumba kimoja kilianza kutoa harufu kali, na doa la njano likatokea kwenye jipsamu. Popo. Walikuwa wamepata mlango kwenye yale matundu yasiyo na wavu. Dawa yake haina haraka: unasubiri jioni watoke wote kwenda kula, ndipo unaziba. Ukiziba mchana unawafungia ndani, na harufu itakayofuata ni mbaya kuliko ya kwanza. Wavu uliotumika ni wa chuma wenye matundu madogo ya kuzuia popo, lakini si laini kama wa mbu, kwa sababu wa mbu unaziba na vumbi na hewa inakatika.

Mteremko wa nyuma ulianza kubanduka mvua za Februari. Mama aliona vipande vyeupe vikielea kwenye ndoo. Maji ya tangi yakawa ya kufulia tu mpaka upande ule ulipokwanguliwa na kupakwa upya kiangazi. Julai, baada ya mavuno, mbuzi wakaachiwa kama kawaida ya huku, na mpasheni ukaliwa mpaka shina. Septemba ilipofika fremu ilikuwa chuma kitupu. Mwalimu akanunua neti ya kivuli ya bustani, akaifunga mwenyewe kwenye fremu ile ile, akilalamika kwamba nyumba imekuwa kitalu cha nyanya.

Matokeo

Oktoba ya pili tulipima tena. Ili kulinganisha kwa haki tulichagua siku ambayo nje kivulini palisoma 32 kama mwanzo. Bati lilikuwa 47 badala ya 66. Uwazi wa kenchi 37. Uso wa dari 34, hewa ya chumba cha Bibi 31. Saa tatu usiku chumba kilikuwa nyuzi 29, nje 25.

Bibi amerudi chumbani. Wiki mbili za mwisho wa Oktoba bado anaacha mlango wa ukumbini wazi, na feni inamtosha. Mama anashona mpaka magharibi bila kuhamisha cherehani. Kiyoyozi kipo, kinawashwa wageni wakija, kimewekwa nyuzi 26.

Matumizi ya Oktoba ya kwanza yalikuwa uniti 200 hivi, kwa bei ya 356 ni shilingi 71,200. Ya pili yalikuwa uniti 71, na kwa kuwa miezi ya katikati ilikuwa ya chini, Mwalimu alikuwa ameshaomba na kurudishwa kwenye tarifu ndogo: shilingi 8,662.

Uchambuzi

Tofauti hiyo ya fedha isimdanganye mtu. Kama tarifu isingerudi, uniti 71 zingegharimu shilingi 25,276. Kwa hiyo katika zaidi ya elfu 62 zilizookolewa, elfu 46 hivi zimeletwa na nyumba kupoa, na zaidi ya elfu 16 zimeletwa na mstari wa uniti 75. Anayetumia tayari uniti 150 kwa mambo mengine asitarajie hizo elfu 16. Vilevile Mwalimu alianza kuwasimulia watu Februari kwamba umeme umeshuka. Februari umeme hushuka kwa kila mtu huku, mvua ndiyo inayopoza. Kipimo cha haki ni Oktoba kwa Oktoba.

Rangi na matundu vilifanyika pamoja, hivyo sithubutu kugawa sifa ya dari kwa usahihi. Ila kushuka kwa bati lenyewe kutoka 66 hadi 47 ni kazi ya rangi. Matundu hayawezi kupoza mgongo wa bati kiasi hicho. Mwenye fedha ya kimoja tu aanze na rangi, na asiipake kabla hajasugua bati. Vumbi letu lipo pia: weupe unafifia, na paa linahitaji kuoshwa mara moja kwa mwaka, vizuri zaidi kabla ya Septemba.

Kilichofanya kazi vibaya ni kazi za mkono wa mwisho, na zote zilisababishwa na kuanza kwa kuchelewa. Fundi aliyekimbizana na mvua aliruka kuosha na aliondoka bila kumaliza wavu. Kazi hii ikifanywa Julai au Agosti hakuna cha kukimbiza. Tatizo ni kwamba Julai hakuna mwenye nyumba anayekumbuka joto.

Mpasheni siuhesabu kama kushindwa. Ulitoa kivuli, lakini msimu wa majani yake haukulingana na msimu wa jua: ulikuwa mzito Aprili, mtupu Septemba. Mmea wa kutegemewa Oktoba unahitaji maji ya kiangazi na ua wa kuzuia mbuzi, na nyumba hii haikuwa na ua. Neti ya kivuli ni mbaya kwa macho na nzuri kwa kazi.

Ambacho hakuna fedha iliyoweza kukirekebisha ni ule ukuta wa magharibi na mwelekeo wa nyumba. Nyuzi 29 za saa tatu usiku zinatoka hapo. Siku ya kuchora msingi, kugeuza ramani ili upande mfupi ndio utazame barabara kungegharimu ubishi wa jioni moja. Kupaua kwa upenu wa kawaida kungekuwa rahisi kuliko parapeti na gata zake za ndani, na kungeukinga ukuta na jua na mvua kwa pamoja. Mimi mtindo wa kuficha bati siupendi kwa Tabora, na nasema hivyo nikijua kwamba wateja wataendelea kuutaka. Basi kwa anayeutaka: bati jeupe au la rangi ya maziwa tangu dukani, foili kabla ya kupaua, matundu yenye wavu kwenye parapeti, na madirisha ya kufunguka yote badala ya ya kusukuma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana kutoka barabarani ila madirisha, na pengine matundu.

Kuna upande wa nyumba hii ambao LUKU haiusomi. Matofali yake yalichomwa kwa magogo ya miombo, kwenye mkoa ambao mabani ya tumbaku nayo yanakula kuni kila msimu. Ua ambao Mwalimu sasa anaupanga alikwishaagizia matofali ya kuchoma. Nilimweleza kuhusu matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine bila tanuri, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyatangaza kwa miaka mingi. Alitaka kujua kama udongo wa kiwanjani unafaa. Ule wa mbuga, mweusi unaopasuka kiangazi, haufai; wake ni mwekundu wenye mchanga, unaweza kufaa ukipimwa kwanza. Oda ya matofali ya kuchoma ameisimamisha kwa sasa.

Yaliyobaki wazi

Binti yao anayefanya kazi Dodoma amewaletea jiko la umeme la presha, kwa moyo ule ule wa kampeni ya nishati safi ya kupikia. Ni chombo kizuri: chungu cha maharage kinaiva kwa chini ya nusu uniti, na hata kwa bei ya 356 hiyo ni pungufu ya shilingi 180, ambazo hazinunui mkaa wa kuivisha maharage hayo hayo. Shida ni ule mstari. Nyumba iko uniti 71 mwezi wa Oktoba, na kupika kila siku kunaweza kuongeza uniti 30. Zinazoongezeka si ghali zenyewe. Ghali ni kuhamishwa, maana zile 71 za awali nazo zitarudi kwenye 356. Mwaka wote ukiondoa Septemba na Oktoba wanatumia 50 hivi, kwa hiyo wana nafasi ya uniti 25 za kupikia kila mwezi. Mama ameshapiga hesabu yake: jiko la presha litatumika kwa maharage, makande na nyama ngumu, Novemba hadi Agosti, na miezi miwili ya joto mtungi wa gesi utabeba zamu yote. Jokofu lao ni la zamani, linakula karibu uniti moja kwa siku, na ndilo nililowashauri wabadilishe kabla ya kufikiria sola tena.